Usinipitie Chuoni

Msamala,
Songea.
13 Oktoba 2024

Mpendwa Baba Mkubwa Valence,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua tangu Pasaka sasa unakanyaga bila shida. Mama Mkubwa Edna naye shikamoo yake. Tunasikia Tabora joto limezidi na maji yanatoka kwa mgao, poleni sana. Huku hatujambo kwa jumla. Baba yupo nyumbani Maposeni anasafisha shamba akisubiri mvua. Mama naye mzima, na nguruwe wake wamezaa vizuri. Mimi mwili hauna neno. Kuhusu moyo, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu yako, Baba Mkubwa, mtu hamalizi sentensi. Wewe ndiye unayepiga, wewe ndiye unayekata, na ukishasema "haya, nimeelewa" ndiyo yamekwisha. Karatasi unaweza kuikunja ukaiweka mfukoni kwa hasira, lakini ukiifungua tena itakuwa inasema yale yale.

Utashangaa pia kuona hapo juu nimeandika Msamala, Songea. Sijakosea. Sipo Iringa. Kile chuo ulichonithibitishia mwaka jana sikukanyaga, sikujisajili, wala sikusoma hata siku moja. Nakaa kwa Mama Mdogo Suzana, na kazi yangu ni kwenye stesheneri ya kijana mmoja anaitwa Goodluck, natoa kopi na kuwajazia watu fomu. Kama umesimama, kaa kwanza. Na tafadhali usimpigie Baba kabla hujamaliza kusoma.

Nianzie mwaka jana, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Asma, rafiki yangu wa bweni ambaye baba yake anauza vitenge hapa mjini, aliniambia twende pamoja tukajaze maombi ya vyuo, kila mtu kwa namba yake ya simu na paswedi yake. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Baba akasema hapana, Kaka yupo, tukimruka itakuwa dharau. Kwetu unajua mwenyewe, jambo la mtoto haliendi mpaka mkubwa wa nyumba alishike. Hata barua ya posa ya dada Aurelia ilifika Tabora kwanza ndipo ikarudi Maposeni, na mshenga alikaa akisubiri hadi watu wakadhani ameghairi. Basi maombi yangu nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Baba akakusomea kwenye simu namba yangu ya mtihani na kile nilichotaka kusoma, na wewe ukajaza kwenye kompyuta yako, kwa namba yako, kwa paswedi yako. Nilishukuru. Niseme kweli, niliona fahari kwamba mtu mwenye elimu yake amelibeba jambo langu.

Nilichotaka kusoma kilikuwa kimoja tu, upimaji wa ardhi. Nilipokuwa kidato cha pili walikuja wapimaji Matogoro kupima viwanja, na kati yao alikuwepo mama mmoja mcheshi, kofia kubwa kichwani, aliyesimamisha chombo chake cha miguu mitatu pembeni mwa shamba la Bibi. Alinikuta natazama, akaniita nichungulie. Nikaona jiwe la mpaka la ng'ambo ya bonde, na mjusi amelala juu yake anaota jua. Tangu siku ile sijataka kazi nyingine. Baba anajua, Mama anajua, na wewe uliambiwa.

Majibu yakatoka nikiwa nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja cha Dar es Salaam, upimaji wa ardhi. Kingine cha Iringa, ualimu, ambacho uliongeza mwenyewe bila kumwambia mtu, eti kiwe akiba. Ukichaguliwa sehemu mbili lazima uthibitishe moja, na ile namba ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu iliyoandikwa wakati wa maombi. Ikaja kwako. Hukupiga kuuliza. Ukathibitisha Iringa. Sisi tulijua kwa ujumbe wako kwenye simu ya Baba: "Hongera kwa mwalimu wetu mtarajiwa." Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja, na mimi ndiye niliyelazimika kuwaambia kwamba hakuna sherehe.

Nilikupigia mwenyewe kwa simu ya Baba, labda unakumbuka. Wakati huo ilikuwa bado inawezekana kufuta na kuthibitisha upya, dirisha lilikuwa halijafungwa, na ilihitaji tu wewe ukae dakika chache kwenye kompyuta ile ile. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Ulinijibu kwamba mtoto wa kike hawezi kuzunguka maporini na wanaume ameshika kamba ya kupimia, kwamba mwalimu hata mvua inyeshe yeye yuko chini ya bati, na kwamba siku moja nitakushukuru. Halafu ukasema haya, nimeelewa. Ulichokuwa umeelewa sijui ni kipi. Ukaenda harusini Nzega, simu ikawa haipatikani, na dirisha likafungwa.

Siku ya kusafiri sanduku lilikuwa mlangoni. Nikalikalia, nikasema siendi. Nilitegemea Baba atanichapa, na ningemwelewa. Hakunichapa wala hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa Kaka tutamwambia nini?" Mama alikuwa anachambua maharage, akamjibu bila kuinua uso, "Mwambie kilichotokea." Ulipopiga jioni, Baba alitoka nje hadi kwenye banda la nguruwe, maana ndipo mtandao unaposhika. Aliporudi akasema amekuambia nimefika salama.

Hapo ndipo chuo changu kilipofunguliwa, Baba Mkubwa. Nimesoma muhula mzima nikiwa Maposeni. Wewe hupigi kwa watoto, unapiga kwa baba yao, kwa hiyo kila ulichotaka kujua kilipitia bandani. Uliuliza kama nimejisajili kozi zote. Baba akaja kuniuliza, na mimi napukuchua mahindi. Nikamwambia mwambie ndiyo. Ukaagiza nichukue Historia na Kiswahili, nisijitie kwenye Jiografia. Baba akaja nayo mbio mbio asije akaisahau. Ukaagiza nimtafute mshauri wa masomo mapema, nisirundike kozi muhula wa kwanza, ile saikolojia ya elimu niisogeze mpaka nizoee mazingira. Ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Ungemfaa sana mtu ambaye yuko chuoni.

Mama alikataa kushiriki. Kila simu yako ikiita alikuwa anachukua ndoo na kwenda kisimani hata kama maji yamejaa. Alimwambia Baba mara moja tu, mbele yangu, "Pankrasi, utachoka." Hakurudia tena.

Muhula ulipoisha ukataka matokeo. Baba alikaa kwenye kigoda ananitazama, anasubiri nitaje. Nikataja GPA ya katikati, isiyo ya kuringia, nikidhani utaridhika upesi uende zako. Hukuridhika. Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake, nikawa nasikia upande wake peke yake. Ndiyo Kaka. Samahani Kaka. Ni uzembe Kaka, nitamkanya. Alikuwa amesimama wima, kofia ameishika mkononi, anakuomba radhi kwa matokeo ya mitihani ambayo hakuna aliyeifanya, na nguruwe wanamtazama. Nilicheka, Baba Mkubwa, nikaziba mdomo kwa khanga. Halafu nikaona anainama kidogo kila anaposema Kaka, na sikuweza tena kucheka. Bado siwezi, ingawa ukiisimulia ni habari ya kuchekesha.

Baada ya hapo niliomba kuhamia mjini. Sikuweza kukaa tena karibu na ile simu.

Stesheneri msimu wa maombi inajaa tangu asubuhi. Nimejaza maombi ya watoto wa watu hadi naota ukurasa ule. Kuna mama mmoja mwalimu, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro, alikuja na binti yake anaitwa Judica. Nikamuuliza Judica namba yake ya simu. Mama akadakia, "Weka yangu, huyu simu yake kila saa imezima." Nikamwambia mama, tuweke ya mwenye kusoma. Akaniangalia juu hadi chini. "Kwani wewe dada ni nani yake?" Vidole vyangu vilikataa kuandika namba ile. Goodluck akaja kumwomba radhi mteja, akajaza yeye. Walipoondoka alinigombeza, na alikuwa na haki, duka ni lake. Yule binti sijui aliishia wapi. Huenda mama yake ni mtu mwema na simu yake haizimwi akienda harusini.

Baba alikuja mjini siku moja katika msimu huo huo, ameleta mahindi ya Mama Mdogo. Akaingia stesheneri akavua kofia kama ameingia ofisi ya serikali. Nikamwambia nataka kuomba tena chuo. Akaniuliza kwa namba ya nani. Nikaendelea kupanga karatasi, sikutaka kumsaidia. Akaitazama ile mashine ya kopi inavyomeza na kutema karatasi, kisha akasema, "Andika yako. Kaka nitamweleza mwenyewe." Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Baba akisema neno zito namna ile. Nilimnunulia soda, akanywa nusu, nusu akambebea Mama.

Nimechaguliwa. Upimaji wa ardhi, Dar es Salaam. Namba ya kuthibitisha ilikuja kwenye simu yangu nikiwa natoa kopi ya cheti cha ubatizo cha mtu, nikathibitisha mwenyewe pale pale. Nilidhani nitaruka. Nikakumbuka kwamba mwaka huu ningekuwa naanza mwaka wa pili, nikamrudishia mteja cheti chake na chenji yake.

Asma anaingia huo mwaka wa pili sasa, na hajaniacha. Amenipangia masomo yangu yote, muhula kwa muhula, mpaka mwaka wa nne, na kila tukizungumza ananihimiza usajili. Kuchaguliwa peke yake hakutoshi. Nikifika natakiwa kusajili kozi zangu kwenye mfumo wa chuo katika wiki ya kwanza ya Novemba, kisha nimwone mshauri wa masomo azipitishe. Kuna Hisabati moja ya muhula wa kwanza ambayo inafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa unaisubiri mwaka mzima, na bila hiyo hawakuruhusu kugusa masomo ya upimaji ya mwaka wa pili. Mmoja wa wenzake Asma alichelewa kidogo, akakuta mfumo umefungwa, na sasa yuko nyuma yao. Mimi nimeshakuwa nyuma mara moja. Sitaki ya pili.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wiki iliyopita ulimpigia Baba ukamwambia unakuja kwenye Misa ya kumbukumbu ya Babu, hiyo hiyo wiki ya kwanza ya Novemba, na kwamba ukifika Iringa utapita chuoni unichukue, uje na mwalimu wako mkononi ukoo umwone. Hapo ndipo Baba alipotakiwa kusema. Ile ahadi aliyoitoa stesheneri ilikuwa inasubiri mlango kama huo. Najua alichokujibu kwa sababu aliniambia mwenyewe. Alikujibu, "Sawa Kaka, atafurahi."

Kesho yake akaja mjini kwa bodaboda tangu Maposeni, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Akaniita pembeni ya duka, akaniomba niende Iringa. Nipande basi, nishuke, nisimame kwenye geti la kile chuo na begi langu nikusubiri, ili unikute, tuje wote Misani. "Ni siku mbili tatu tu, mwanangu. Ukitoka hapo ndiyo uende Dar." Nikamwambia Baba, hiyo ndiyo wiki ya usajili. Akasema, "Waeleweshe. Waambie una msiba."

Msiba wa Babu! Mtu aliyefariki kabla sijaanza darasa la kwanza.

Nilimkatalia. Nilimkatalia Baba yangu mzazi, barabarani, watu wanapita na mandazi yao. Akakaa kwenye ngazi za duka, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mama Mdogo alimpelekea chai, akaiacha ikapoa.

Nimekuwa na hasira na wewe mwaka mzima, Baba Mkubwa, na nilidhani ni kwa ajili ya mwaka wangu. Siku ile nilijua si hivyo. Mwaka nitausoma tena, nitakuwa mkubwa kidogo kuliko wenzangu darasani, haiui mtu. Lakini Baba ana mvi. Amesomesha watoto wote kwa jembe. Ni mwenyekiti wa jumuiya, na watu wakigombania mipaka ya mashamba wanamfuata awaamue, na akisema wanasikia. Mtu huyo huyo anaweza kumtuma binti yake akasimame kwenye geti la chuo asichosoma, apoteze nafasi kwa mara ya pili, ili mradi wewe usikasirike. Ulimfanya nini Baba yangu? Mlipokuwa wadogo, au baadaye, sijui lini, ulimfanya nini hadi akawa hivi? Hilo naomba unijibu. Kuhusu uzuri wa ualimu usinijibu, nimeshasikia.

Barua hii, hadi hapa, nilimsomea jana alipokuja kuniangalia. Niliisoma yote, pamoja na ya bandani. Hakunizuia kuituma. Alisema tu, "Kaka ataumia." Nikasubiri, nikidhani ataendelea, atanitaja na mimi. Hakunitaja. Akauliza gari la mwisho la Maposeni linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo nakueleza mimi, kwa sababu yeye hawezi. Ukifika Iringa usisimamishe gari, nyoosha na safari. Usiniulizie pale getini, hawanijui. Njoo moja kwa moja Maposeni, Misa isomwe, mle, mnywe ulanzi, halafu ukae na mdogo wako bila watu. Usimfokee. Hakukudanganya kwa kukudharau. Aliona uongo ni nafuu kuliko sauti yako. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa Dar, nimepanga foleni kwa mshauri wa masomo, na nitamwombea Babu nikiwa hapo hapo kwenye foleni.

Nisalimie sana Mama Mkubwa Edna, mwambie simhesabu katika haya. Msalimu kaka Leonce na mkewe, na dada Rosemary, mwambie kitenge chake nilikipata na nimeshonea gauni la kwendea chuo. Mama anakusalimu. Mama Mdogo Suzana anakusalimu. Dada Aurelia anasema mtoto wake sasa anatambaa. Baba naye anakusalimu, hilo amelisema kwa kinywa chake.

Mungu akulinde njiani, akuponye mguu, na akupe moyo wa kumsikiliza mdogo wako hadi amalize.

Mwanao anayekupenda bado, na aliyechoka kukudanganya,

Odilia Pankrasi